Andikeni Saa Kichwa Kilipoanza Kuuma

Ndugu wakiambiwa upasuaji umekwenda salama, hushusha pumzi na kuanza kuulizia basi la kurudi Nachingwea. Kwa mgonjwa aliyepasukiwa na mshipa wa damu uliovimba kichwani, ni mapema mno. Kuuziba mshipa huo, kwa kibanio au kwa kuujaza nyuzi za platinamu, kunauzuia usivuje tena. Damu iliyokwisha kumwagika hubaki imetanda juu ya ubongo, nayo ina balaa lake.

Damu hiyo inapovunjikavunjika, mishipa ya jirani husinyaa, na sehemu ya ubongo inaweza kukosa damu na kufa. Kwa kawaida hatari hii huanza karibu na siku ya 4, hukolea kati ya siku ya 7 na ya 10, na huanza kupungua baada ya siku ya 14. Siku hizo huhesabiwa tangu mshipa ulipopasuka, si tangu upasuaji.

Tuseme mama mmoja wa Naipingo, wilayani Nachingwea, anaokota korosho, ghafla kichwa kinamuuma kuliko siku zote za maisha yake, anatapika, shingo inakakamaa. Nyumbani wanadhani ni malaria. Zinapita siku kabla ya kufika hospitali ya wilaya, kisha rufaa, kisha safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo ya Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Akipasuliwa siku ya 7, anatoka chumba cha upasuaji akiwa katikati ya hatari yenyewe. Barua ya rufaa isipotaja siku ya kwanza, hesabu yote ya daktari inayumba.

Je, daktari anabashirije nani atapata matatizo? Hutazama kwanza fahamu za mgonjwa alipofika, kwa kipimo cha Glasgow cha alama 3 hadi 15: alama zikiwa chini, hatari ni kubwa zaidi. Pili ni picha ya CT-Scan. Mwaka 1980, Dk. C. Miller Fisher na wenzake walionyesha kwamba damu iliyoganda kwa unene ndiyo inayotangulia kusinyaa kwa mishipa. Umri nao huhesabiwa. Huo ni ubashiri wa kundi. Wawili wenye alama sawa wanaweza kuishia tofauti kabisa.

Ndiyo maana ubashiri hauondoi kazi ya kumkagua mgonjwa mara kwa mara. Muuguzi humwambia afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele. Mmoja ukianza kushuka taratibu, au maneno yakianza kumkanganya, daktari huitwa hapohapo. Mgonjwa hupewa nimodipini kwa siku 21, huangaliwa asipungukiwe maji, na chumvi ya damu hupimwa.

Hata baada ya kuruhusiwa, maji yanaweza kujaa ndani ya ubongo. Akianza kusinzia kupita kiasi, kuyumba anapotembea au kushindwa kuzuia mkojo, arudishwe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Kazi ya ndugu inaanza Naipingo kwenyewe. Maumivu ya ghafla ya namna hiyo yakitokea, tazameni saa, iandikeni pamoja na tarehe, na hakikisheni vyote viwili vimo kwenye barua ya rufaa kabla gari halijaondoka.