Mwalimu wa Kuogelea na Amana ya Watoto

Wilaya ya Chato, iliyomegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005 na kutiwa katika Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, imekaa kando ya Ziwa Viktoria upande wa kusini-magharibi, na katika vijiji vyake vya mwambao, tangu Nyamirembe hata Muganza, ziwa ni njia, ni shamba, ni kisima na ni uwanja wa michezo kwa pamoja. Mtoto hutumwa huko asubuhi na ndoo, adhuhuri na masufuria yenye masizi ya kusuguliwa kwa mchanga, jioni na nguo za kufua. Na kati ya kazi na kazi hujitupa majini pamoja na wenziwe, pasipo mwalimu wala mwangalizi, akajifunza kwa kuiga. Wapo wajuao kupiga mbizi kabla ya kujua kusoma. Walakini wapo pia, na ni wengi kuliko tunavyodhani, wakiwamo wavuvi wazima wanaokesha katika mitumbwi ya dagaa, ambao wakitumbukia penye kina hawawezi kuelea hata muda wa kutoa shahada.

Misiba mikubwa tunaikumbuka kwa majina: MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuchukua mamia ya roho, na MV Nyerere, iliyopinduka jirani na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220. Mtoto mmoja aliyezama katika lambo la kunyweshea ng'ombe, au katika shimo la wachimbaji wa dhahabu lililoachwa mpaka likajaa maji ya masika, hamo katika kumbukumbu hiyo. Huzikwa na jirani zake, na matanga yakiisha shimo hubaki wazi vile vile. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, karibu robo yao wakiwa watoto wasiotimiza miaka 5, na zaidi ya 9 katika kila 10 wakiwa watu wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ambamo sisi tumo.

Dawa yake si siri. Huko Bangladesh, nchi ya mito na mabwawa, watoto wa vijijini walifundishwa kuogelea katika mabwawa ya kwao wenyewe, ndani ya uzio wa mianzi uliotandikwa sakafu ya mianzi ili kina kisimzidi mtoto, na wataalamu waliofuatilia mafunzo yale walikuta kwamba vifo vya kuzama miongoni mwa waliofundishwa vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kwetu, mradi wa Panje, uliozaliwa Nungwi katika ncha ya kaskazini ya Unguja mwaka 2011, uliwafundisha wasichana kuelea na kuokoana, wamevaa vazi la kuogelea lisitirilo mwili mzima, na wanaowafundisha wakiwa wanawake wa kisiwani. Na huko Mwanza shirika la EMEDO, likisaidiana na waokoaji wa Uingereza waitwao RNLI, limekuwa likiwafanyia watu wa ziwa kazi ya namna hiyo. Kwa hiyo sioni haja ya kubishana kama watoto wa Chato wafundishwe. Linalonishughulisha ni jambo jingine, ambalo katika mikutano ya hadhara hutajwa kwa haraka na kwa macho yaliyoinamishwa: nani atakayewashika watoto hao majini, na nani atakayemtazama huyo anayewashika.

Katika picha alizopiga Anna Boyiazis huko Unguja, zilizopata tuzo katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018, imo moja ambayo msichana anaelea baharini huku mwalimu wake wa kike amemshika asizame. Picha ile yatosha kueleza somo lote la kwanza. Mtoto haelei maadamu amekaza mwili; sharti alegee, alaze kisogo majini hata masikio yafunikwe, aiache miguu ipande yenyewe; na hayo hawezi kuyafanya mpaka amwamini kabisa mtu ambaye kiganja chake kimeuegemeza mgongo wake. Sijui somo jingine la shule linalomtaka mtoto avue nguo zake za kila siku na kuuachilia mwili wake mikononi mwa mtu mzima asiye mzazi wake, naye yumo katika hofu ya mauti. Imani hiyo ndiyo inayomfundisha, na hiyo hiyo ndiyo mtu mwovu huitafuta.

Fauka ya hayo, maji huficha. Mtu aliyesimama ufukoni huona vichwa na mabega. Yanayopita chini ya kiuno hayaoni, hasa katika maji yetu ambayo kandokando huwa na tope na magugu. Wale wasemao kwamba somo la ufukoni halina hatari kwa kuwa halina ukuta wala mlango, wamesahau kutazama maji yenyewe.

Nchi zilizotutangulia katika mchezo huu zilijifunza kwa fedheha. Paul Hickson, aliyekuwa mwalimu wa waogeleaji wa Uingereza katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alihukumiwa mwaka 1995 kifungo cha miaka 17 kwa kuwabaka na kuwadhalilisha wasichana aliokuwa akiwafundisha. Hakuwa mgeni wa kuvizia vichakani; alikuwa mtu wa cheo, na cheo cha namna hiyo huwafumba wazazi midomo. Haikuwa mpaka mwaka 2001 ndipo ilipoundwa huko idara maalumu ya kuwalinda watoto michezoni. Nasi tusijidanganye kwamba maovu hayo ni ya Ulaya: uchunguzi wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 uliwakuta karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana wasisahauliwe katika hesabu hiyo, kwa maana mzazi huyo huyo asiyemruhusu binti yake kukawia kisimani humwacha mwanawe wa kiume aende popote na yeyote.

Kwa bahati njema, kanuni imkingayo mtoto na mikono michafu ndiyo ile ile imkingayo na maji. Mtoto azamaye hapigi kelele kama tuonavyo katika filamu. Mdomo wake huwa sawasawa na uso wa maji, hutafuta pumzi badala ya kuita, mikono huyakandamiza maji kuume na kushoto asiweze kuipunga, na aghalabu dakika moja haitimii amekwisha kushuka. Mwalimu aliyeinama kumsaidia mtoto wa kwanza hamwoni wa pili. Basi lazima awepo mtu mzima mwingine, amesimama pakavu, hafundishi, hachezei simu, kazi yake ni kutazama na kuhesabu vichwa, kisha kuvihesabu tena. Na mtu huyo, kwa kusimama tu pale, huondoa ule upweke wa mwalimu na mtoto ambao maovu mengi huanzia hapo. Mimi ningependa awe mama wa mmoja wa wanafunzi kuliko kuwa msaidizi wa mwalimu, kwa sababu msaidizi ana ujira wa kuogopea, na mama hana. Na idadi ya watoto iwe ndogo: kwa mwalimu mmoja katika ziwa lililo wazi, watano kwangu ni wengi.

Mengine hufuata utaratibu huo huo. Watoto waje na nguo za kuogelea wamezivaa ndani ya nguo zao, au wabadilishe katika kibanda cha turubai, wasichana mbali na wavulana, wala mwalimu asiingie humo wala asisimame mlangoni. Kabla ya kumgusa mtoto amwambie atamshika wapi na kwa nini: "Nakushika kisogo na mabega, halafu utaangalia juu, niko hapa." Mtoto akikataa, kukataa kwake kuheshimiwe, apewe dumu tupu la mafuta ya kula, lililofungwa kizibo barabara, alikumbatie kifuani, dumu la lita 5 humwelesha mtoto vizuri na halina nia mbaya. Kwa elimu ya kuelea, kisogo, mabega na mgongo wa juu vyatosha kushikwa, na mwalimu adaiye kwamba hawezi kufundisha mpaka amshike mtoto mapajani ama hajui kazi yake au ana kazi nyingine. Picha za watoto waliolowa zisipigwe kwa simu, hata kwa kisingizio cha kuwatumia wazazi.

Tena watu hudhani kwamba mwovu huanza majini. La, huanza mbali. Huanza kwa soda baada ya somo, kwa lifti ya pikipiki kuelekea nyumbani, kwa vocha ya simu, kwa kumsifu mtoto mmoja mbele ya wengine kwamba ana kipaji na kumwahidi somo la peke yake alfajiri ambapo maji yametulia, na mwisho kwa siri ndogo isiyo na maana, ambayo mtoto akiweza kuinyamazia, ndipo huongezewa kubwa. Mzazi akisikia habari ya somo la peke yake na aulize kwa nini. Mwalimu mwema hatachukia kuulizwa, na mwalimu achukiaye amekwisha kujibu.

Juu ya hatari za ziwa lenyewe nitasema machache. Mwenye kifafa asiingie majini pasipo shauri la daktari na mtu wake mwenyewe wa kumshika. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi kwa dakika chache, hivyo penye konokono na matete paepukwe, na watoto wasikose dawa ya kichocho inapogawiwa shuleni. Mahali pa mamba na viboko wavuvi wanapajua, waulizwe. Mwenzao akizidiwa, watoto wamtupie dumu lenye kamba, asijitose mtu kumfuata. Na aliyetolewa akiwa hapumui apewe pumzi kwanza, mdomo kwa mdomo, kisha akandamizwe kifua, wala asininginizwe miguu juu wala kubonyezwa tumbo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mtoto kila asiyetimiza miaka 18, na humtwika mwanajamii yeyote aonaye haki ya mtoto ikivunjwa wajibu wa kuipasha habari serikali ya mahali hapo. Kwa hiyo mama aliyekuja kufua, mvuvi anayetengeneza nyavu na mwalimu mkuu wote wamo. Simu ya kuwasaidia watoto, namba 116, hupigwa bila malipo, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto aliyeingiliwa asiogeshwe, wala nguo zake zisifuliwe, kabla daktari hajamwona. Apelekwe upesi, na fomu ya polisi iitwayo PF3 ijazwe. Wazazi wengi hurudi nyuma kwa kusema kwamba hawana shahidi, ilhali Sheria ya Ushahidi yairuhusu mahakama, katika makosa ya kujamiiana, kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake ikiridhika kwamba asemayo ni kweli. Wala adhabu si ya mzaha: tangu sheria ya mwaka 1998, abakaye hupata kifungo kisichopungua miaka 30, na akiwa amembaka mtoto wa kike wa chini ya miaka 10, kifungo cha maisha.

Kinachoifanya sheria hiyo ilale ni kikao cha usiku cha wazee wa pande mbili, ambapo baba wa mtoto hupozwa kwa ng'ombe au kwa fedha, mama haulizwi, na mkosaji hushauriwa ahame. Naye huhama. Katika ukanda huu wa dhahabu na samaki, ambamo watu huja na kuondoka kwa habari ya machimbo mapya au ya sangara kupanda bei, hapana amwulizaye mgeni alikotoka. Awe hodari wa kuogelea na mwenye maneno matamu, juma la pili amepata wanafunzi.

Kila mwalo una kikundi chake cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ambacho huwaandikisha wavuvi na vyombo vyao. Daftari hilo laweza kuongezewa ukurasa wa walimu wa kuogelea: jina, kijiji alichofundisha kabla, wadhamini wawili wa huko na simu zao, na sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, na mwenye daftari awapigie wadhamini hao simu kabla ya mtoto wa kwanza kulowa. Wapo wasemao kwamba kazi hiyo ni ya shule, na ni kweli kwamba walimu wamezoea kuandika kuliko wavuvi. Lakini shule hufungwa Ijumaa jioni, na watoto huenda ziwani zaidi Jumamosi na wakati wa likizo, siku ambazo mwaloni watu wa BMU wapo wakipima samaki, na mgeni anayekusanya watoto hawezi kuwapita wasimwone.