Masoala: Kidole kinaogopwa, msumeno unapita tu

Bundi akilia juu ya paa kwenu usiku, nani huwa wa kwanza kuokota jiwe? Basi shida ya aye-aye utaielewa haraka.

Cheki huyu mnyama. Ni lemuri wa Madagascar, kile kisiwa wahenga wa Pwani walikiita Bukini. Hutembea usiku. Manyoya meusi, macho ya kutumbua, masikio kama ya popo, na kidole cha kati chembamba kama waya. Kidole hicho ndicho kinamlisha: anagonga mti, anasikiliza palipo na uwazi ndani, anatoboa kwa meno kisha anamchomoa funza.

Lakini kuna hekaya ya tangu zamani kwamba akikunyooshea hicho kidole, umekwisha. Ndiyo maana akionekana karibu na kijiji, mara nyingi anauawa yeye kwanza.

Mojawapo ya makao yake ni Masoala, rasi iliyo kaskazini mashariki mwa Madagascar. Huko msitu wa mvua unateremka mlimani hadi mchangani. Sahau mambo ya matatu. Wageni wengi huvuka kwa boti kutoka mji wa Maroantsetra. Kati ya Julai na Septemba, nyangumi huja kuzaa kwenye ghuba ya Antongil iliyo kando yake. Halafu kuna lemuri mwekundu, mkubwa kama paka, ambaye porini hapatikani kwingine duniani.

Usiwacheke wazee wao, lakini. Wamalagasi wana fady, yaani mwiko, na mwiko huohuo umeokoa misitu walikozikwa mababu, kama vile Kaya za Wamijikenda hapa kwetu.

Walioijeruhi Masoala hawakufuata hekaya, walifuata pesa. Baada ya mapinduzi ya 2009, wakataji walivamia wakitafuta miti ghali ya jamii moja na mpingo. Mwaka 2010 UNESCO ikaweka misitu hiyo ya mashariki kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ilitolewa 2025, miaka 15 baadaye.

Na usiseme ni mambo ya mbali. Mwaka 2014 makontena ya mbao hizo yalinaswa bandarini Mombasa. Hapa hapa.

Aye-aye hajawahi kuua mtu kwa kidole. Kwa hivyo weka hilo jiwe chini, na siku ukionyeshwa fanicha ya mbao nyekundu ya bei kali, uliza mti ulitoka wapi.