Modi na Ngazi ya Sauti katika Uimbaji wa Kanisa

Wanakwaya wetu wengi, Tukuyu na kwingineko, husoma solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti. Mfuatano huo ndio ngazi ya sauti. Hatua zake hazilingani: mi hadi fa, na ti hadi do, ni nusu hatua, zilizosalia ni hatua nzima. Modi ni jambo jingine, yaani, wimbo una makao yake katika sauti ipi. Sauti zile zile saba zikitulia kwenye re, hiyo ni modi ya Doria. Zikitulia kwenye mi, ni ya Frigia. Zaburi ya 130 ya Luther, "Aus tiefer Not", ilichapishwa mwaka 1524 kwa tuni ya Frigia. Ile nusu hatua iliyo juu ya makao huipa uzito wa mtu aliaye kutoka vilindini.

Katika miaka ya 1930 Franz Ferdinand Rietzsch, mmisionari Mmoraviani kati ya Wanyakyusa, aliona kuwa nyimbo za kale za Kanisa, zilizo katika modi, zilikaribiana na uimbaji wao kuliko tuni za Ulaya za baadaye. Hatusemi kwamba muziki wa Kinyakyusa ni wa Doria. Majina hayo ni ya wengine. Lakini mwalimu wa kwaya ailazimishaye tuni ya wazee inayotua kwenye re imalizikie kwenye do, ili kinanda kiifuate, ametunga wimbo mwingine. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo usharikani, na mama mmoja mzee akaacha kuimba.