Neno "Umeme" katika Tiba ya Saratani

Mwanafunzi wa Kigali anayejifunza Kiswahili hugundua mapema kwamba neno "umeme" limebeba mizigo miwili. Kwa Kinyarwanda, umeme wa nyumbani ni amashanyarazi, na ule wa mawinguni ni umurabyo. Kiswahili hutumia neno moja. Darasani jambo hili huchekesha. Hospitalini, mkalimani akimwambia mama kwamba mguu wa mwanawe "utatibiwa kwa umeme", mama anaweza kumchukua mtoto akarudi naye nyumbani.

Makala haya yanaeleza matibabu matatu yanayohusishwa na umeme katika saratani za mifupa na za tishu laini (yaani misuli, mafuta, mishipa na kadhalika), ili kila moja lipate maneno yake.

La kwanza ni mionzi. Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda, Kanombe, ilianza kutoa tiba hiyo mwaka 2019. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi. Mashine hutumia umeme kuziendesha elektroni kwa kasi kubwa mno, nazo zikigonga kipande cha chuma hutoa eksirei kali. Kinachomfikia mgonjwa ni eksirei, wala hahisi shoti yoyote. Kuiita tiba ya umeme ni sawa na kusema kwamba redio huimba umeme.

La pili ni joto. Sindano huingizwa kwenye uvimbe, na mkondo wa umeme ukaipasha moto tishu mpaka seli zife. Hutumika, pamoja na mengine, kupunguza maumivu ya saratani iliyoenea mifupani. Hapa kitenzi "kuunguza" ni sahihi kabisa.

La tatu ndilo linalowasumbua wafasiri: elektrokemotherapi. Majaribio yake ya kwanza kwa wagonjwa yalifanyika Ufaransa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1991. Dawa iitwayo bleomaisini ni kali sana ikiwa ndani ya seli, lakini hupenya utando wa seli kwa shida. Basi mgonjwa hutiwa ganzi au hulazwa usingizi, hudungwa dawa, kisha uvimbe hupitishiwa mipigo 8 ya umeme, kila mmoja ukidumu sehemu 1 ya 10,000 ya sekunde. Utando hutoboka vitundu, dawa huingia, vitundu hujiziba. Umeme ni bawabu tu. Anayeua ni dawa.

Bleomaisini yenyewe si ngeni Afrika Mashariki, kwani imetumika miaka mingi kutibu sarkoma ya Kaposi. Nchini Italia madaktari wameitumia pamoja na umeme kwa ugonjwa huohuo, na pia kwa saratani iliyosambaa mifupani kutoka viungo vingine. Ama saratani inayoanzia mfupani, ambayo mara nyingi huwapata vijana karibu na goti, tegemeo lake bado ni dawa na upasuaji. Mkalimani asimwahidi mtu kwamba umeme utaondoa haja ya kisu.

Turudi kwenye sarufi. Kihusishi "kwa" katika "kutibiwa kwa umeme" huonyesha ala, kama "kukatwa kwa kisu", na hivyo huufanya umeme kuwa ndio mtibu. "Kupigwa umeme" ni kubaya zaidi, maana huko ni kupata ajali. Tafsiri ninayoipendekeza ni ndefu, lakini haimdanganyi mgonjwa: "Atatibiwa kwa dawa, na umeme utaifungulia dawa hiyo njia ya kuingia ndani ya uvimbe."