Raba Zenye Majina Mawili

Raba za Air Jordan 1 za Nike zilitoka mwaka wa 1985 kwa jina la Michael Jordan, nyota wa mpira wa kikapu, na bei yake Marekani ilikuwa dola 65. Mwaka wa 2020 raba za umbo lilo hilo ziliuzwa dola 2,200, zaidi ya Sh230,000 za Kenya wakati huo. Kilichozipandisha bei hasa ni jina la pili lililobandikwa juu yake: Dior, kampuni ya mavazi ya kifahari ya Paris.

Ubia wa aina hii haukuanza hapo. Mwaka wa 1998 Puma ilitoa raba pamoja na Jil Sander, mbunifu wa Ujerumani. Adidas ikafuata kwa kushirikiana na Yohji Yamamoto wa Japani, na mwishoni mwa 2019 ikatoa seti 700 tu za raba na mkoba pamoja na Prada.

Aliyeongoza kazi ya Dior na Jordan ni Kim Jones, mbunifu Mwingereza ambaye sehemu ya utoto wake ilipita katika nchi za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania. Kabla ya hapo, alipokuwa katika kampuni ya mavazi ya Louis Vuitton, alionyesha mavazi ya kiume yenye miraba ya shuka za Kimaasai. Raba za Dior zilishonwa Italia kwa ngozi ya ndama. Alama ya Nike ubavuni ilikatwa kwenye kitambaa kilichofumwa herufi za Dior, soli ikafanywa ya kupenyeza mwanga, na kila jozi ikapewa nambari yake.

Katika ubia huu kila upande hupata ulichokosa. Kampuni ya kifahari huwafikia vijana wasiovaa suti, nayo ya raba hupata hadhi. Faida kubwa hutokana na uhaba. Dior ilitoa takriban jozi 13,000, na kati ya hizo 8,000 hivi ndizo zilizotengewa umma. Watu milioni tano walijiandikisha kwenye intaneti wakitaka kuzinunua.

Wanaobahatika mara nyingi huziuza tena kwa bei ya juu. Nguvu ya uhaba ilionekana pia mnadani: mapema mwaka wa 2022 kampuni ya minada ya Sotheby's ilipiga mnada jozi 200 za Nike na Louis Vuitton, kazi ya mbunifu Virgil Abloh aliyefariki Novemba 2021. Zilileta dola milioni 25 na ushei, na fedha zikaenda kwenye mfuko wa kusomesha wanafunzi Weusi.

Kwa mnunuzi wa eneo la Iftin, mjini Garissa, Kenya, hesabu hizi zina faida ya moja kwa moja. Viatu vingi vinavyouzwa mjini hupitia Eastleigh, Nairobi, na majina makubwa huonekana hata kwenye raba za bei ya chini. Bidhaa iliyotolewa kwa maelfu machache duniani kote haiwezi kujaa kibandani kwa saizi zote. Raba mpya ya namna hiyo karibu bila shaka ni ya kuiga, na Sheria ya Kenya ya Kukabiliana na Bidhaa Bandia ya 2008 inakataza biashara yake. Mvaaji anayetaka kiatu cha kudumu atazame gundi, mshono na soli, kwa kuwa jina lililoigwa halimhakikishii lolote kati ya hayo.