Jeni inayoziamuru seli zife jua linapoziunguza

KUANZIA saa nne za asubuhi mjini Lodwar, na vilevile Kakuma iliyo kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi, yeyote asiyelazimika kuwa juani hujisogeza kivulini. Maeneo hayo ya Turkana yako takriban nyuzi tatu tu kaskazini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, mawingu ni machache, na mchanga wenyewe hurudisha juu sehemu ya miale.

Joto ndilo linalolalamikiwa, ilhali si joto linaloleta saratani ya ngozi. Kinachodhuru ni miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Ikipenya hadi kwenye kiini cha seli, hugandisha pamoja herufi mbili jirani katika DNA, ule uzi mrefu unaobeba maagizo ya mwili. Seli ikigawanyika kabla ya kuurekebisha uzi huo, huenda kosa likarithiwa na seli zote zitakazotokana nayo.

Hapo ndipo jeni iitwayo TP53 huingia kazini. Protini yake, p53, iligunduliwa mwaka 1979 na makundi kadhaa ya watafiti, miongoni mwao David Lane wa Uingereza na Arnold Levine wa Marekani. Kwa takriban miaka kumi ilidhaniwa kuwa huchochea saratani. Mwaka 1989 watafiti, akiwamo Bert Vogelstein wa Marekani, walibainisha kinyume chake: p53 ni breki, na uvimbe hukua breki hiyo inapokatika. Imeharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu.

Katika seli yenye afya, p53 hutengenezwa na kuharibiwa mfululizo. Protini nyingine, MDM2, huikamata na kuipeleka ikateketezwe, hivyo haidumu zaidi ya dakika chache. DNA inapodhurika, vimeng'enya vya tahadhari huitia p53 alama, nayo MDM2 hushindwa kuishika. Protini hiyo hujaa ndani ya kiini na kuanza kuziamsha jeni nyingine. Kwanza huiamsha p21, inayosimamisha mgawanyiko ili mafundi wa seli wapate nafasi ya kutengeneza.

Madhara yakiwa makubwa au yakikawia kurekebishwa, amri hubadilika. Jeni kama PUMA na NOXA huamshwa, na protini zake husababisha mitokondria, majiko ya nishati ya seli, kutobolewa. Kinachovuja humo huviwasha vimeng'enya viitwavyo kaspesi, ambavyo huikatakata seli kutoka ndani. Seli husinyaa, huvunjika vipandevipande na kumezwa na jirani zake. Ni kifo cha utaratibu, tena chenye manufaa.

Mwaka 1994 kundi la Douglas Brash lilionyesha kuwa panya wasio na p53 walipopigwa miale, seli chache zaidi za ngozi yao zilijiua. Maana yake ni ya kutisha. Seli iliyopoteza p53 haifi. Jirani zake wazima ndio wanaokufa, nayo hupata uwanja wa kuenea kila jua linapochoma.

Kwa Waturkana wengi, hatari hiyo hupunguzwa na melanini, rangi nyeusi inayotanda juu ya kiini cha seli kama mwavuli. Jambo la kustaajabisha ni kwamba p53 hiyohiyo huhusika: mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa katika seli zilizopigwa na jua huamsha ujumbe unaozitaka seli jirani zitengeneze melanini zaidi.

Kwa mwenye ualbino, ujumbe huo ni bure, kwani kiwanda cha melanini hakifanyi kazi ipasavyo. Mzigo wote hubaki kwa urekebishaji na kifo cha seli, siku baada ya siku. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Mtoto wa aina hiyo anayechunga mbuzi kandokando ya mto Turkwel, au anayepanga foleni ya chakula katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, hukusanya makosa ya DNA mapema mno.

Mafuta ya kukinga jua, ambayo wengi huyadhania vipodozi, kwake ni dawa. Hupakwa upya kila baada ya saa mbili, pamoja na kofia pana na nguo za mikono mirefu. Kidonda cha usoni, sikioni au shingoni kisichopona kwa wiki kadhaa chapaswa kuonwa na daktari. Kikikatwa kikiwa kidogo, mara nyingi mgonjwa hupona. Kikiachwa, huweza kufika kwenye tezi na mifupa, na hapo safari ya matibabu ya mionzi huwa ni ya hadi Eldoret, mamia ya kilomita kutoka Lodwar.