VIROBOTO WANAOKUNGOJA NYUMBANI

Umefunga nyumba yako Kyela ukaenda Tukuyu kuuguza. Umekaa huko miezi miwili. Siku ya kurudi unafungua mlango, watoto wanaingia mbio, na mara viroboto wanawarukia miguuni. Nyumba haikuwa na mtu wala mbwa. Wametoka wapi? Wengine husema wametumwa na jirani. Jirani hana kosa. Viroboto hao walikuwamo ndani, wamelala.

Kiroboto hutaga mayai juu ya mbwa, paka au panya. Mayai huanguka sakafuni, yakatoka mabuu madogo meupe. Mabuu hula uchafu wa vumbini, hasa mavi makavu ya viroboto wakubwa, maana yana damu. Buu akishiba hujifumia kifuko kinachonata, kikashika vumbi. Ukikitazama utadhani ni punje ya mchanga. Humo ndani hugeuka kiroboto kamili.

Lakini hatoki ovyo. Akitoka katika nyumba tupu atakufa njaa. Basi hutulia wiki nyingi, hata miezi. Wakati wa baridi, kama Juni na Julai, mwili wake hutumia nguvu kidogo, naye huweza kungoja zaidi. Kinachomwamsha ni joto la mwili wako, ambalo ni karibu nyuzi 37, pamoja na pumzi na mtikisiko wa nyayo. Mkiingia, hutoka wengi kwa mara moja.

Dawa ya kuulia wadudu huua viroboto waliokwisha toka, lakini haipenyi vizuri ndani ya kifuko. Ndiyo maana baada ya siku chache huonekana wengine, na watu hulaumu dawa. Ingia wewe kwanza, watoto wabaki nje. Fagia pembe zote na chini ya vitanda, kisha choma taka hizo. Mwaga maji yanayochemka katika nyufa za sakafu. Anika mikeka juani, na mbwa aogeshwe. Rudia kazi hiyo baada ya wiki mbili. Usiku wa kwanza mtoto asilale sakafuni, kwani akijikuna sana atapata vidonda.

Jambo moja zaidi. Viroboto wa panya huweza kuleta tauni, ugonjwa uliozuka Lushoto mwaka 1980 na kuua watu. Ukiona panya wanakufa bila kutegwa wala kuwekewa sumu, usiwashike kwa mkono. Toa habari zahanati siku hiyo hiyo.